Mengineyo

Karatasi ilitoka Mtwara mjini: wajumbe wanawake wasipungue wawili.
Tukawaandika wawili. Kikao cha ulinzi, Kilambo,
wakakabidhiwa birika na sahani ya korosho.

Kalamu nilikuwa nayo mimi, sijifichi.
Ajenda ya kwanza, doria. Ya pili, mafuta ya pikipiki.
Wao niliwaweka kwenye mengineyo,
pale watu wanapoanza kutafuta kofia zao.

Somoe Nampunda hakungoja mengineyo.
Alitua birika juu ya daftari langu:
"Alfajiri, pale tunapochota maji, Ruvuma,
palikuwa na nyayo za watu saba, zinapanda.
Watano wa kike, peku. Mtoto mmoja.
Wa saba ana buti.
Doria mmeipanga barabarani. Barabarani kapita nani?"

Mwenyekiti akapaliwa na chai.

"Wale watano na mtoto wako kwangu.
Hawasemi mbele ya mwanamume.
Mwenye buti simjui. Wao wanamjua.
Haya, humu ndani nani atawauliza?"

Nikageuza ukurasa.
Ule wa nyuma una duara la birika, masizi na maji,
limepita juu ya neno *wasipungue*.
Sikuunakili upya.
Ulikwenda wilayani hivyo hivyo.