218

Tukuyu, saa nne asubuhi, mvua haijui kupumzika.
Anyisile alivua koti la nailoni, maji yakachuruzika
sakafuni, chumba cha kumbukumbu cha ushirika wa chai.
"Mama yangu mmemweka kwa marehemu," alisema.
"Jana tu kapalilia viazi."

Nikamwita Gwakisa, kijana wa mafunzo, wiki yake ya pili:
mtoe mama wa watu kule.
Picha naijua. Mwanamke na tenga mgongoni, mizani ya Katumba,
karani kainama kusoma kilo, yeye katazama kwingine kabisa
kama aliyekwisha kujua atapunjwa.
Namba yake mia mbili na kumi na nane.

Kijana akaandika 218, akabonyeza.
Mama hakutoka.
Akatoka Mzee Mwaipaja, aliyezikwa mwaka juzi,
mimi mwenyewe nilikula ndizi za matanga yake.
Dakika nne nzima, ndani ya mfumo, hakuwa amekufa.

Haya, Gwakisa, vuta kiti.
Kuna 218 ya kitu,
na kuna 218 ya mahali kilipowekwa, na hazijuani,
kama Sekela wa Masoko na Sekela wa Kiwira:
ukiita sokoni wote wawili watageuka.
Namba ya kitu ni kitovu, kilikatwa mara moja.
Namba ya mahali ni kigoda tu.
Huyu mama ana vitatu: Wachumaji, 507;
Katumba, 640;
na hiki cha Marehemu, 731,
alichokalishwa na mtu mwenye haraka.
(Mtu huyo ni mimi. Sikumwambia.)

Ukifuta kitu, vigoda vyote vinakwenda nacho.
Ukiondoa kigoda, mwenyewe anabaki,
mradi ana pengine pa kukaa.
"Na akiondolewa cha mwisho?"
Bati lilikuwa linapigwa na mvua, nikajifanya sijasikia.

Tukamtoa Mzee Mwaipaja kapuni.
Alirudi na namba mpya ya mahali,
ile ya kitovu ileile.
Kisha tukaondoa 731, taratibu, tukiisoma kwa sauti.

Anyisile akainamia kioo, akamwona mama yake kati ya wachumaji,
bado katazama kwingine.
Akapiga simu, akaweka sauti ya nje:
"Mama, wamekutoa."

Jembe likatua. Kikohozi, kisha kicheko kikavu:
"Wamenitoa wapi? Mimi sijaenda popote.
Hebu ukirudi, njoo na chumvi."