Utando

Muhula wa saba, Cochabamba,
mashine ya kukandamiza vidonge inagonga
tak-tak, tak-tak, kama mdai
aliyekwisha kuambiwa mwenye nyumba hayupo.
Profesa Arancibia si msemaji.
Huokota kidonge kimoja, hukivunja kwa kidole gumba,
husikiliza mlio wake, kisha hutamka:
"Hiki kimeumbwa na mvivu."
Kilo nne zikamwagwa.
Mvivu nilikuwa mimi, Nilda.

Basi nikajifunza.
Nikapima ishirini, kimoja kimoja,
nikaandika miligramu hadi nikaona nukta ukutani.
Nikajua kwamba unyevu ni mwizi asiyevunja mlango,
na kwamba dawa ya shinikizo la damu
haifai kuingia mwilini kwa kishindo;
ipige hodi, ingoje, ipige hodi tena,
saa kumi na mbili, chembe baada ya chembe.
Ndiyo maana ya utando.

Miezi minne nilihangaika nao,
mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu.
Niliuzamisha katika asidi,
katika maji vuguvugu yanayojifanya tumbo,
ukapasuka, ukavimba, ukapasuka,
hadi siku moja mstari ukapanda taratibu kwenye karatasi
kama mtu anayekwea mlima na trei ya mayai.
Arancibia akautazama. Akasema, "Mm."
Nikampigia mama simu Oruro: amesema mm!

Muhula wa tisa wakatutoa maabara
wakatutia wodini.
Huku hakuna tumbo la kioo.
Kuna doña Casimira Ticona, kitanda cha kumi na nne,
mshonaji wa sketi za marinda,
aliyeanguka juu ya cherehani yake
mara tatu kwa mwezi mmoja.
Wamempima moyo, wamempima sukari,
wamekuna vichwa.
Nami nikapewa kazi ya mwanafunzi:
nenda kamuulize anazimezaje dawa.

Kikechua changu ni cha sokoni, cha bei na salamu.
Akanionyesha kwa mikono.
Kidonge hulazwa juu ya jiwe la kusagia pilipili,
jiwe la pili hubembea juu yake
mara mbili tu,
unga.
"Koo langu jembamba, binti,
na nyinyi mnaviunda vigumu kama magego."
Akacheka. Kitanda cha kumi na tano kikacheka naye.

Mimi nilisikia ule mlio.
Niliiona miezi minne ikisagika pamoja na pilipili,
saa kumi na mbili zikamiminika kwa nusu saa,
damu ikashuka kama ndoo iliyokatikiwa kamba,
na gurudumu la cherehani likizunguka peke yake.

Kwenye boksi pameandikwa: Meza kizima, usisage.
Kwa Kihispania. Kwa herufi za sisimizi.
Anayekadiria kiuno cha mtu kwa jicho, akapatia,
hakuna aliyekadiria jicho lake.

Usiku ule nilirudi maabara; mlinzi ananijua.
Nilikuwa na swali ambalo halimo katika mtihani wowote:
kidonge kikifaulu kwenye glasi
kikafeli juu ya jiwe,
sifuri anaandikiwa nani?

Daktari Zenteno alimbadilishia,
akampa vile vidogo, vya kawaida,
visivyo na ugomvi na jiwe.
Nami, kwa ajili ya wengine wenye koo kama lake,
nikachora jiwe na alama ya kukataza juu yake.
Casimira akaigeuza karatasi huku na huku.
"Huu ni mkate?"
Akachomoa chaki ya kushonea mfukoni,
akalichora jiwe upya, kwa mstari mmoja,
zito hadi karatasi ilitaka kuanguka.

Nimelibandika juu ya mashine,
pale Arancibia anaposimama kusikiliza.
Wiki ya pili sasa anapita, anatazama.
Hajasema hata mm.