Jedwali la Tatu

Uliniuliza, Chengo, pale kibarazani Ganda,
umeshika ripoti kama mtu ashikaye sahani ya moto:
"Mimi niko ukurasa gani?"

Ngoja. Nianze mbali kidogo.

Mita nne za kebo, hati ya mashtaka ilisema,
na dhamana shilingi elfu thelathini,
nyumbani tukiwa na kuku sita na deni la dukani.
Mama alitoka alfajiri kwa miguu
hadi mahakamani Malindi, leso ya pili begani,
akae benchi la nyuma, asikie jina lako,
halafu asikie: "Itatajwa tena."
Kutajwa. Neno dogo hilo
lilikula miezi kumi na minne.

Mimi nilikuwa Nairobi, nasomea uzamili,
nimebeba hasira yangu kama mzigo wa kuni mbichi.
Daktari Wekulo akaisoma rasimu, akavua miwani:
"Umelia vizuri. Sasa niambie, wako wangapi?"
Nilimchukia wiki nzima,
maana nilikuwa namjua mmoja tu.

Basi nikarudi na barua ya kibali na penseli kumi.
Bi Rukiya wa masijala akanipima juu mpaka chini:
"Wewe ndiye dada yake yule wa kebo?"
Akanipa kiti kisicho na mgongo
na rafu yenye mchwa.

Nilihesabu miezi mitatu.
Nikajifunza mikono ya makarani:
nani huandika saba kama moja,
nani huacha tarehe ikielea.
Majalada mia nne kumi na mawili.
*Shahidi hakufika. Hakimu yuko likizo.
Mkalimani wa Kigiriama hakupatikana.*
Malindi hapa, Chengo. Kigiriama!
Na lile lililonitoa nje nikanywe maji:
*Faili haionekani.*
Lako lilikuwa limeangukia nyuma ya rafu,
zima, halina karatasi iliyopungua.

Nilitaka kulipiga picha, nilipeleke magazetini.
Badala yake nikatia alama moja kwenye safu yake.
Kazi hii ina mwiko wake:
usimpe nduguyo mistari miwili.

Tasnifu ikapita. Ofisi moja ya utafiti ikaniita,
ikanipa meza, dirisha linalotazama ukuta,
na cheo ambacho mama hakukipatia jina.
"Kwa hivyo wewe wakili?" La, mama.
"Hakimu?" La. "Sasa wafanya nini?"
Nahesabu wanaongoja, nawaandikia wanaongojesha.
"Na wao husoma?"
Wakati mwingine.
Mwaka jana walisoma aya moja, ya sita.
Sasa kuna wakalimani wawili, Jumatatu na Alhamisi.
Ni hayo tu. Sitakupamba.

Haya, fungua ukurasa wa thelathini na moja.
Jedwali la tatu, mstari wa nne:
*Faili haionekani, 57.*
Umo humo. Yupi, sijui tena,
na ni mkono wangu uliokuandika.

Ulikitazama kile kisanduku mpaka chai ikapoa.
Ukaomba penseli.
Ukatia nukta kando ya namba, ndogo kama ufuta,
ukanirudishia kitabu.

"Na hawa hamsini na sita," ukasema, "washatoka?"