Baba Alisinzia Katikati ya Fisi

Baba, fundi cherehani wa Kadutu,
alikuwa na ugonjwa mmoja: hadithi zake hazikuwa na mkia.
Kuanza alianza vizuri. Umeme ukikatika Bukavu nzima,
mama akisogeza jiko la makala mbali na godoro,
anakohoa mara mbili: "Hapo kale, fisi mmoja..."
Halafu kidevu chake kinashuka kifuani
na fisi anabaki palepale, mguu mmoja hewani.

Jumatatu asubuhi tulimkuta mlangoni.
Amesimama kwa miguu mitatu,
akingoja kuambiwa autue wapi ule wa nne.
"Samahani," akasema, "mimi ni yule wa jana usiku.
Nilikuwa mbaya au mwema?
Baba yenu hakufika hapo."

Mama hakupiga kelele.
Hawezi kupigia kelele kitu kinachosema samahani.
Akampa ndoo mbili. "Mwema. Shusha mguu.
Bomba liko kule chini, ngazi mia na kumi na nne.
Usimwage."

Jumanne baba alitusimulia viatu
(niliviomba mimi, vyangu vilikuwa vinacheka mbele),
viatu vyeusi, vya ngozi, visivyochoka,
akakoroma kabla ya kuvitafutia miguu.
Vikaenda shule peke yao.
Vikarudi saa saba, vimejaa matope,
na barua ya mwalimu ndani ya kile cha kushoto:
*Viatu vina bidii. Nsimire yuko wapi?*

Jumatano mama akaona njia.
Akachemsha chai nyeusi kama lami,
akaketi karibu, amemshika baba sikio.
"Leo useme gunia. La unga. Kilo hamsini.
Na uweke nukta."
Baba akaapa kwa mkasi wake. Tukabana pumzi.
"Hapo kale, lilikuja gunia kubwa, zito, limejaa..."
Tulimfinya. Cikuru alimmwagia maji ya kunawia.
"...limejaa," akarudia kwa upole,
akaenda zake.

Lipo hadi leo, nyuma ya mlango.
Limejaa. Hatujui limejaa nini.
Ukilitikisa linalia kama mvua juu ya bati la jirani.
Fisi alilinusa, akasema yeye si mtaalamu.
Mwenye nyumba alipokuja kudai kodi
alilipapasa kidogo tu,
akakumbuka ana safari.

Alhamisi mama alizima koroboi mapema.
"Lala," akamwambia baba. "Leo zamu yangu."
Alikohoa mara moja.
"Hapo kale kulikuwa na mwanaume
aliyeshona sare za watoto wa watu
mpaka akawa anaona sindano mbili, anatunga ile isiyokuwepo.
Usiku mmoja akalala. Hakuna aliyemwomba kitu.
Akaamka amechoka kulala.
Basi."
Ile nukta tuliisikia ikianguka,
kama kifungo kwenye sakafu ya simenti.

Baba alilala mpaka Jumamosi.
Wateja walikuja; fisi aliwapokea,
akawapima viuno kwa heshima,
akimeza mate upande wa pili.
Sisi tulitembea kwa ncha za vidole.
Hata viatu.

Alipoamka aliomba sambaza za kukaanga na chumvi nyingi.
Akala, akafuta vidole kwenye suruali ya mteja,
akatutazama mmoja mmoja.
"Niliishia wapi?"

Fisi akaweka ndoo chini.
Akainua ule mguu wa nne,
akangoja.