Chumba Kisichokuwamo

Kwenye ramani, hapa pana mwarobaini:
duara dogo la penseli, jina pembeni.
Kwenye kiwanja, hapa pana chumba,
futi kumi na mbili kwa kumi, dari ya jipsamu,
na swichi inayowasha taa ya chumba kingine.

"Hiyo ni nyongeza tu, mama," anasema dalali Shomvi.
"Tabata nzima ni nyongeza."
Asilimia kumi yake imeshamkaa mdomoni kama pipi.

Nagonga kuta kwa pete yangu.
Ukuta wa zamani unajibu ko, ko, kama mtu aliyeshiba.
Huu mpya unaniuliza: nani?

"Kibali?" Kilewo anajikuna shingo.
"Kibali kiliombwa."
Kiswahili kina huruma kwa wakosaji:
tia w tumboni mwa kitenzi,
mtendaji atatokea mlango wa nyuma.

Shomvi alipotoka kupokea simu,
Kilewo akanionyesha mlango, mpana kuliko yote nyumbani.
"Mama alipata kiharusi mwezi wa tatu.
Manispaa wakaniambia nirudi Juni.
Kiti chake hakikupita kwenye milango ile."
Fundi Ndunguru aliangusha mti Ijumaa,
Jumatatu akamwaga zege juu ya kisiki.
Bibi Aikande akalala humu miezi kumi na moja,
akitazama nje kwa dirisha
lisilomo kwenye karatasi yoyote.

Mimi nina kiinua mgongo,
miaka thelathini na moja dirishani posta,
na sijapitisha hata fomu moja isiyo na muhuri.
Ofisa akija na futi yake na rangi nyekundu,
X ataiandika ukutani kwangu.
Faini itakuja kwa jina langu. Nyundo pia.

Wahenga walisema ziba ufa.
Hawakusema ufa wa nani.
Huu hapa, toka kizingitini hadi chini ya dirisha:
sakafu imenyanyuka kidogo,
kama mtu avutaye pumzi ndani ya shuka.
"Kisiki mlikichoma?"
"Hapana. Hatukuwa na muda."

Nikaomba punguzo la milioni sita.
Shomvi alinuna. Kilewo alikubali upesi,
na upesi huo ndio ulioninyima usingizi.

Leo asubuhi nimerudi peke yangu
na futi ya kushonea.
Sikupima ufa. Nimepima mlango.

Mama yangu yuko Korogwe, ana miaka themanini na mbili.
Anasema goti linamsumbua,
kidogo tu.