Kuhesabu Hadi Mbili

Dukani kwa Tarvo, mjini Kuressaare,
misumeno minne imelazwa mezani
kama samaki wa mnadani.
Nje, theluji ya Machi imekuwa uji.
Nimekuja na kipande cha boriti mkobani,
nimekifunga kwa gazeti, unene milimita sitini na mbili,
maana namba za kwenye boksi hazijawahi kukata ubao.

Ülo, kaka yangu, amekuja kunishauri.
Hakualikwa.

Anaanza na ule mwekundu, wati elfu mbili.
"Huu," asema, "unakata hata dhambi."
Nauinua. Kilo sita kasoro robo.
Sakafu ya sauna yangu ni mbao mia moja na kumi na nne,
na mkono wangu una miaka sitini na saba.
Naurudisha taratibu, kama mtoto wa jirani.

Wa pili ni rahisi. Rahisi mno.
Bamba lake la chini ni bati lililokunjwa;
nalibonyeza kwa kidole gumba, linabonyea.
Chombo kinachokubali kila unachokiambia
hakiwezi kunyoosha mstari.

Tarvo auliza kwa nini nisichukue wa betri,
siku hizi kila mtu.
Betri ni mgeni, namjibu, huaga kazi ikinoga.
Waya ni mume wa miaka mingi:
utajikwaa kwake, utamtukana,
na asubuhi utamkuta palepale ukutani.

Wa tatu ni mzuri, sikatai.
Bamba la magnesi, waya wa mita nne
usiokakamaa kwenye baridi.
Lakini diski iko kushoto, nami ni mashoto:
ili niuone mstari wa penseli
lazima niiinamie mota kama anayechungulia kisima.
Shuleni waliufunga mkono huu kwa utepe.
Sitalipa yuro mia mbili nifungwe tena.

"Utazoea," asema Ülo.
Mwalimu naye alisema hivyohivyo.

Wa nne hauna sura.
Kijani kilichopauka, waya mfupi wa kuudhi,
mpini mnene kama shingo ya bata.
Diski iko kulia. Nausimamisha kando ya boriti yangu:
meno yanapita chini yake kwa milimita tatu.
Zinatosha. Milimita tatu ni nyingi
kwa anayejua anachokata.

"Na una breki," asema Tarvo, anauchomeka.
Ukelele. Rafu zote za misumari zinatetemeka.
Anaachia kitufe.
Moja.
Mbili.
Kimya.

Ülo, aliyekuwa akisema tangu kituo cha basi,
naye amezimika.
Mkono wake wa kulia una vidole vinne.
Ule wake wa zamani aliuzima, mwaka wa paa la ghala,
aliuzima kabisa, hutuapia kila Krismasi,
akageuka kumjibu mtu,
nao ukaendelea kuzunguka kwa hiari yake.
Watu husema msumeno hukata mbele na nyuma.
Ule ulikata baadaye.

"Tena," amwambia Tarvo.
Kisha anaushika mwenyewe.
Anabonyeza, anaachia, midomo inahesabu.
Tena.
Mama mmoja mwenye kopo la rangi anageuka kututazama.
Tena.

Sikuuliza bei.
Niliomba waya wa kuongezea, mita kumi,
wa rangi ya chungwa, uonekane kwenye theluji,
na diski ya akiba yenye meno arobaini.

Kituoni boksi liko mapajani mwake, hataki nilibebe.
"Wati elfu moja na mia mbili," ananung'unika,
"huo hata siagi itaucheka."
Basi linachelewa. Simjibu.
Natazama kidole chake gumba juu ya karatasi ngumu,
pale ambapo ndani yake kuna kitufe:
kinabonyeza,
kinaachia.