Kidole cha Pete

Saa kumi na mbili. Ukungu bado umekalia Cimpunda
na vidole vyangu ni baridi kama mkasi uliolala nje.
Nimekaa kitandani, mashini iko mapajani.
Si ile ya kushonea. Hii ndogo,
kama kipande cha sabuni kilichokwisha nusu,
yenye kioo kinachoniuliza kila siku swali lilelile.

Nachoma.
Hakuna kitu.
Nabinya, nabinya,
kinachungulia kitone kama jicho la sisimizi,
kinaniona, kinarudi ndani.
Nakiwahi hivyo hivyo kwa karatasi.
Kosa, inasema mashini.
Karatasi imekufa,
na karatasi moja ni sambaza za watu watatu.

Miaka thelathini na miwili nimeshona magauni ya arusi
chini ya ngazi za Nyamugo,
na damu haikunisumbua hata siku moja kwa uchache.
Ilikuja bila kuitwa.
Sindano iteleze tu, hiyo hapo,
nyekundu, yenye maringo,
juu ya satini nyeupe ya binti wa watu
na arusi ni keshokutwa.
Aliyenifundisha kazi, Mama Nankafu, alisema:
doa la damu hutolewa na mate ya mwenye damu,
ya mwingine hayafai.
Basi nikatema, nikasugua, nikaitukana damu yangu,
nikakifunga kidole kitambaa nikaendelea na pindo.

Leo naibembeleza.
Toka, mama. Tone moja. Sina bibi arusi hapa.

Yule nesi, Cirhuza, mtoto mdogo tu,
alikigeuza kidole changu mwangani
kama mnunuzi asiyeamini kitambaa.
“Unachoma katikati,” akasema,
“palepale sindano zote za maisha yako zilipopita.
Hapa ni ngozi ya ng’ombe, mama. Choma ubavuni.
Na usikikamue kama chungwa.
Na ulimenya nini kabla ya kupima?”
Nilimenya ndizi.
“Basi mashini ilipima ndizi.”
Akacheka. Mimi sikucheka,
nilikuwa nimelala njaa siku mbili kwa ajili ya namba ya ndizi.

Kwa hiyo leo nanawa tena, kwa sabuni,
maji ya moto kutoka birika la makala.
Nafuta mpaka kati ya vidole.
Kisha mkono nauachia uning’inie kando ya kitanda,
chini, chini zaidi,
na Asifiwe, mjukuu, ananihesabia mpaka sitini
akiruka arobaini, kama kawaida yake.
Nani amekaa Kadutu asijue jambo hili?
Mvua ya saa tisa haisukumwi na mtu.
Inashuka yenyewe
na matope, na maganda, na kandambili moja ya mtoto.

Kidole cha pete, ubavuni.
(Pete yenyewe niliiuza, ndiyo iliyonunua mashini.)
Tak.
Nangoja. Sibinyi.
Napapasa tu kutoka kiganjani, polepole,
kama ninavyonyoosha mshono uliokunjamana.

Na inakuja.
Inavimba, inang’aa, inakaa juu ya ngozi
kama kifungo kilichoshonwa vizuri.
Karatasi inainywa yote kwa pumzi moja.
Tano, nne, tatu, anahesabu Asifiwe na kioo.
Mia moja arobaini na nane.
Si karamu, si msiba.
Naiandika daftarini, chini ya vipimo vya viuno na mabega.

Sasa haitaki kusimama, mkaidi huyu.
Tone la pili, la tatu, mpaka kwenye mkunjo wa kidole,
na gauni la Nsimire linaning’inia msumarini, jeupe,
hatua mbili kutoka hapa.
Nakitia kidole mdomoni kama zamani.
Chumvi. Chumvi na chuma.
Hiyo sukari wanayonihesabia kila siku,
mimi bado sijaisikia.